Duara Tupu la Lango la Nne

Saa tatu asubuhi, watu elfu thelathini wanatoka uwanjani kwa mpigo, na hakuna hata mmoja anayepiga kelele. Ni nukta nyeupe kwenye kioo cha kompyuta. Mwanamke aliyezitengeneza ameshika kikombe cha chai iliyopoa, macho hayabanduki kwenye Lango la Nne.

"Angalia hapo," anasema, akigusa kioo kwa kalamu. "Zinakwepa."

Kweli zinakwepa. Katikati ya ujia wa lango hilo, wenye upana wa mita tano, pamebaki duara tupu, ukubwa wa meza ya kulia chakula. Kila nukta ikifika hapo inapinda, utadhani kuna mtu amesimama. Kwenye ramani hakuna nguzo wala shimo. Mwandishi wa makala haya alijikuta amesogeza kiti nyuma.

Ofisini wanamwita Bi Nukta, na jina limemkaa. Ana miaka thelathini na moja. Kazi yake ni kuigiza mwendo wa watu kabla watu wenyewe hawajafika: wangapi watapita mlango upi, na wapi watabanana hadi kukosa pumzi. "Mashabiki wangu ni wastaarabu," hutania. "Hawajawahi kumtukana refa."

Kazi hii hakuiokota njiani. Alipokuwa na miaka tisa, mama yake aliwapeleka yeye na kaka yake kwenye mechi katika uwanja huohuo. Wakati wa kutoka, watu walisongamana Lango la Nne, wakafa kumi na mmoja. Mama alitoka na kiatu kimoja na mtoto mmoja. Tangu siku hiyo Bi Nukta hakukanyaga tena pale, na nyumbani kwao habari za uwanja hazikutajwa.

Uwanja ulikarabatiwa, ukarudi kuchezewa mechi ndogondogo. Mwaka huu, fainali ilipokaribia, aliombwa apime kama malango yanatosha. Ili nukta zake zitembee kama watu wa kweli, alizifundisha kwa picha za kamera za mechi zile ndogo. Duara likajitokeza siku ya kwanza.

"Nikasema ni kosa la programu, nikalifuta," anasimulia. "Nikaongeza picha mpya, likarudi. Nikalifuta tena. Liliporudi mara ya tatu nikalifuta vilevile, nikasaini ripoti kwamba lango ni salama, nikaituma."

Siku mbili hakuwa na raha. Zilipobaki siku tano kabla ya fainali, alifunga safari kwenda uwanjani, mchana kweupe. Mafundi walikuwa wameacha vumbi la saruji ujiani. Alipopita, mlinzi wa lango akamwita.

"Mwanangu, na wewe umekwepa."

Aligeuka. Nyayo zake kwenye vumbi zilikuwa zimepinda. Mbele yake hapakuwa na mtu wa kumfuata.

"Nimekwepa nini, baba?"

"Pale ndipo walipolala wale kumi na mmoja. Sisi tuliokuwepo hatupakanyagi. Mgeni akiona wa mbele kapinda, naye anapinda. Hata watoto wa juzijuzi wanapinda, na hakuna aliyewaambia kitu."

Bi Nukta alikaa chini palepale, akalia kwa sauti. "Kwanza nilimlilia kaka," anasema. "Halafu nikalia kwa woga wa ile ripoti."

Watu mia tatu wakikwepa, hakuna neno. Maelfu wakikwepa kwa pamoja, ujia wa mita tano unabaki mita tatu na nusu, na wa nyuma hawajui kwa nini wa mbele wamesita. Aliporudi ofisini aliliacha duara likae, akaendesha igizo upya. Nukta zikaanza kuwa nyekundu, rangi aliyompa mtu asiyeweza kupumua. Alihesabu arobaini, akazima.

Meneja wa uwanja alikuja juu. "Umesaini mwenyewe! Leo nifunge lango kwa sababu ya mzimu?"

"Mzimu sijauona, bosi. Nimeona watu wanakwepa. Nilikosea mimi, na saini yangu naiondoa."

Bila ripoti, mechi isingechezwa. Meneja alilifunga Lango la Nne huku akinung'unika, mageti ya magari yakafunguliwa badala yake. Siku ya fainali watu walirudi makwao salama.

Sasa Bi Nukta anataka ujia upanuliwe, na katikati ya duara isimame nguzo yenye majina kumi na moja. Kwenye kompyuta ameshaijaribu: nukta huiona kwa mbali, hugawanyika kulia na kushoto mapema, wala hazisiti. Meneja bado hajajibu.

Wiki iliyopita mama yake alifika ofisini kwa mara ya kwanza. Alisimama nyuma ya kiti, akazitazama nukta zikiizunguka nguzo mpaka ya mwisho ilipotoka.

"Na yeye yumo humo?" aliuliza.

"Wamo wote, mama. Wameingia elfu thelathini, wametoka elfu thelathini."

Mama akavuta kiti, akakaa.

"Hebu endesha tena."