Perege wa Mzee Uweso Anangoja Kurudi Pangani

Saa tatu asubuhi Praxeda Ernesti anashuka kwenye baiskeli mbele ya nyumba moja ya Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani, mjini Tanga. Nyuma amefunga madumu mawili ya maji. Anayateremsha taratibu, kama anayemlaza mtoto aliyesinzia.

Barazani ameketi Sabiri, shemeji wa mwenye nyumba, na kikombe chake cha kahawa.

"Mama Jenifa, yule bado hajatiwa nazi tu?"

"Mtie wewe, uone shemeji yako atakavyokutia pilipili," Praxeda anamjibu, anavua kandambili, anapita pazia na kuingia. Sabiri anabaki barazani. Hana ruhusa ya kupita.

Ndani kuna eda. Bi Asmahani, mwenye umri wa miaka sitini na minane, amefiwa na mumewe, Mzee Uweso, na kwa dini yake anakaa ndani miezi minne na siku kumi, bila kuonana na wanaume wasio wa damu yake. Fundi wa kiume hapiti pazia lile. Praxeda, Mkatoliki aliyezaliwa kambi ya mkonge, anapita.

"Shikamoo, Bi Asmahani."

"Marahaba, mwanangu. Njoo umwone mgonjwa wako. Anachimba tena."

Mgonjwa ni perege. Yumo peke yake katika tangi la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtoto, rangi ya kijivu, uso kama wa karani aliyeamshwa usingizini. Kichwa chini, anachota changarawe kwa mdomo na kuimwaga kando. Kisha anapanda juu kutafuta hewa, na hapo ndipo Praxeda anapokunja uso. Samaki mzima hatweti.

Praxeda ana miaka hamsini na minne. Anauza samaki wa mapambo wa maji baridi katika chumba kimoja cha duka, si mbali na hapo. Kazi hiyo aliianzisha mumewe, Laurenti, aliyefariki miaka mitatu iliyopita. Mwezi mzuri humwachia kama laki mbili. Miezi mizuri, anasema, ina haya kama mwali, haijitokezi ovyo.

Kinachomkosesha hela ni kwamba kila mara anakataa kuuza.

"Mtu anaingia anataka mwekundu mmoja, mweusi mmoja, na yule mwenye mkia mrefu, kama anachagua kanga," anasema. "Haulizi kama wataelewana. Nauliza mimi: nyumbani unao wangapi? Wakubwa kiasi gani? Maji unachota wapi? Ananiona mbea, anaondoka."

Laurenti alimfundisha kuanza na mdomo. Samaki anayeenea mdomoni mwa mwenzake ni chakula, hata kama leo wanapishana kwa adabu. Halafu tabia. Wale wadogo wanaokwenda kwa kundi hawauzwi mmoja mmoja, maana mmoja hujificha nyuma ya jiwe mpaka afe kwa woga. Wenye mapezi marefu hawakai na wadonoaji. Wa dhahabu wanataka maji ya ubaridi, kwa hiyo wana tangi lao. Wengine anawapanga kama wapangaji wa nyumba moja: hawa wa juu, hawa wa kati, na wale wanaofagia chini, kila mtu na nafasi yake.

Mzee Uweso, fundi saa, alikuwa mteja wa kusikia. Alikuja kila Ijumaa baada ya swala, akinunua samaki mmoja na kuzungumza kwa thamani ya kumi. Tangi lake lilikaa kwa amani miaka mingi.

Siku moja akarudi kutoka Pangani na perege mchanga ndani ya chupa ya maji. Alimkuta kwenye dimbwi, karibu na mto unapoingia baharini, maji yamemkimbia.

"Nikamwambia, mzee, huyo ni mchuzi, si pambo. Akikua atawamaliza wenzake," Praxeda anakumbuka. "Akacheka mpaka akakohoa. Akamtengea upande wake kwa kipande cha kioo, akawa anamwita mpangaji wa uani."

Mzee Uweso alikufa ghafla, saa ya mteja ikiwa mkononi. Siku ya pili ya matanga, wanawake wa mtaa waliokuja kusaidia walifagia, wakapiga deki, wakafua. Kwa wema huohuo wakalisugua na tangi kwa sabuni ya unga, wakalijaza maji ya kisima, ambayo sehemu ile yana chumvi. Kufikia alasiri samaki wote walikuwa wanaelea. Perege, aliyezaliwa maji ya mto na ya bahari yanapochanganyika, akabaki.

"Sikumlaumu mtu," anasema Bi Asmahani. "Kila mmoja alishika alichokiona mbele yake akakisafisha. Wangeweza, wangenisugua na mimi."

Akaomba perege atafutiwe mwenzake. Praxeda hakuthubutu kuleta wadogo. Alileta jike la perege, karibu sawa naye kwa ukubwa, kutoka kwenye bwawa la mfugaji mmoja Muheza. Akawatenga kwa kioo wazoeane, kisha akakiondoa. Asubuhi yake Bi Asmahani alimkuta jike yuko chini, mapezi yamechanika.

"Nilikosea mimi," anasema Praxeda. "Nilipima mdomo, nikasahau nafasi. Mtoni, jike asiyemtaka dume hukimbia. Humu angekimbilia wapi?"

Bi Asmahani hakumgombeza. Alimwambia tu, "Usiniletee maiti mwingine humu ndani."

Basi imeamuliwa. Duka zima halina wa kuishi naye. Perege atarudi kwao. Leo Praxeda anamimina maji kidogo kidogo. Ameyalaza ndooni ili dawa ya bomba ipungue, na amechanganya ya kisima kiasi, amzoeshe chumvi aliyozaliwa nayo.

"Hivi anachimba nini kila siku?" anauliza Bi Asmahani.

"Anajenga, bi. Madume yao huchimba shimo, wamwite jike."

"Na anaona hakuna jike."

"Anaona."

Nje, Sabiri anakohoa. "Shemeji! Nimpeleke leo? Basi la saa nne lipo."

"Kunywa kahawa yako, Sabiri."

"Anatweta yule, Mama Jenifa kaniambia. Akikufia je?"

"Nimesema nitampeleka mwenyewe."

Bi Asmahani anavuta mtandio wake mweupe, anauliza kwa sauti ya chini, "Wewe Laurenti ulimtupia udongo?"

"Nilimtupia."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu, bi. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo ukanigandia."

Bi Asmahani anautazama mkono ule, uliolowa maji ya tangi. Kwao wanawake hawaendi kuzika. Jeneza lilitoka mlangoni mabegani mwa wanaume, naye akabaki ndani akisikiliza sauti zao zikipungua barabarani, mpaka akawa hajui kama bado anazisikia au anazikumbuka.

"Sinung'uniki, ndivyo tulivyokuta," anasema. "Lakini huyu nitamfikisha mimi."

Eda inakwisha mwezi ujao. Praxeda amenunua ndoo yenye mfuniko, ameutoboa matundu, na ameipima kwa macho mara nyingi kuliko mwali anavyopimwa gauni. Watapanda basi la asubuhi, wanawake wawili na ndoo katikati yao. Ukingoni yeye atarudi nyuma, amwache Bi Asmahani ainamishe ndoo mwenyewe.

Kinachobaki ni perege kuifikia siku hiyo. Sabuni ilimuunguza mashavu, anapopumulia, na hayajapona. Siku nyingine anakula, siku nyingine anachimba tu. Kwa hiyo Praxeda anakuja na madumu yake siku zote isipokuwa Jumapili, na hata Jumapili hamsahau: amemwekea nia kwenye misa.

"Katibu wa parokia aliniuliza jina la mgonjwa," anasema, akifunga madumu matupu nyuma ya baiskeli, bila hata kutabasamu. "Nikamwambia andika tu, msafiri wa Pangani."