Mama Alisaga, Mjomba Alikaa

Enzi zetu hapa Juba, ukitaka kumjua mwenye kazi hukumtafuta aliyechafuka, ulimtafuta aliyekaa. Wenzangu mliokulia Kator na Hai Cinema mnanielewa. Vijana wa siku hizi wao hutazama picha ambazo mtu amepiga, na mimi nilidhani hayo ni maendeleo, mpaka kalenda ya kiwandani kwetu ilipotoka mwezi uliopita. Nina hasira na ile kalenda. Kuna binti anaitwa Keji ambaye baba yake alitaka kumwachisha kazi, na picha ya kalenda ndiyo ilikuwa imwokoe. Ila hasira yangu ina mizizi ya zamani, kwa hiyo nivumilieni nianzie huko.

Mama yangu alikuwa na tahuna, mashine ya kusaga nafaka, kwenye kibanda cha mabati Hai Cinema. Tulitoka nyumbani Kator kengele ya kanisa ikilia, yeye mbele na debe la dizeli kichwani, sisi watoto wanne nyuma tukigombania kipande kimoja cha muwa. Injini iliwashwa kwa kuzungusha hendeli, na hendeli ile ikirudi kwa nguvu iliweza kuvunja mkono wa mtu mzima. Mama alitufundisha kuishika kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine. "Hendeli haikumbatiwi," alisema. "Inashikwa tu, ikitaka kwenda iende." Mpaka leo hata ndoo ya maji naishika hivyo.

Injini ikishaitika, kibanda kizima kilitetemeka na meno yetu nayo. Unga ulitua kwenye nywele, kwenye kope, kwenye chai. Kufikia adhuhuri mama alikuwa amegeuka bibi kizee mwenye mvi, nasi tulimcheka. Kila baada ya muda alikinga unga kwa kiganja na kuusugua kati ya vidole. Ukiwa wa moto, mawe yamekaribiana mno, analegeza skurubu. Ukiwa na chenga, anakaza. Hakuwa na kipimo kingine, na sikumbuki akikosea.

Akina mama wa mtaa walimjua na hawakuwa na maneno. Lakini mwanamume akiingia na magunia ya shughuli, alimtazama mama, unga mpaka masikioni, hendeli mkononi, kisha akamuuliza, "Usta yuko wapi?" Usta ni fundi mkuu. Mama alijifunza mapema kwamba ukijibu "ni mimi", mtu anabeba magunia yake anakwenda kwingine. Kwa hiyo nilitumwa mbio kwa muuza chai kumwita mjomba Lado, kaka yake. Mjomba alikuwa mshona viatu, hakujua hata dizeli inamiminwa wapi. Alikuja akijifuta midomo, akakaa kwenye kiti kando ya injini, akakunja nne. Mteja alimweleza yeye unga anavyoutaka. Mjomba alitikisa kichwa kwa uzito, akamgeukia mama, akamuuliza kama amesikia. Mama akasema amesikia.

Tuliona hayo mara nyingi hata tukayafanya mchezo. Nyuma ya kibanda mmoja alikuwa injini, akipuliza midomo hadi mate yanaruka, mwingine mkanda, mwingine mawe. Na mmoja alikaa juu ya tofali bila kufanya lolote. Huyo ndiye usta, na sote tuligombania zamu hiyo. Tunawasema sana watoto wa leo kwamba wanacheza na simu hadi wamelegea. Haya, sisi tuliocheza kwa mwili mzima tulijifunza nini? Kwamba mahali pazuri ni pale kwenye tofali.

Siku moja mjomba akakiamini kile kiti. Mzee fulani alileta magunia mawili ya mtama wa harusi ya binti yake, akasimama kutazama. Mjomba, kwa kuwa anatazamwa, aliinuka akaikaza skurubu mizunguko miwili mizima wakati mama amekwenda kuchukua dizeli. Mawe yakasuguana. Mama alirudi mbio kwa harufu ya kuungua, na tayari unga wa nusu gunia ulikuwa wa kahawia na mchungu. Mjomba, bila kupepesa, akamwambia mzee kwamba amemkataza huyu mama kuigusa mashine mara nyingi, hasikii. Mzee naye akamwonya mjomba asimruhusu tena mwanamke kusogelea mashine yake. Mashine yake, jamani! Mama alisema, "Haya, mzee," akazima injini.

Jioni aliyafungua mawe akayachonga upya kwa patasi na nyundo. Nilimuuliza kwa nini hakusema ukweli. "Mtama wake ungekwenda kwingine," akasema. "Nanyi mngekula nini?" Nilimwelewa, na nilikasirika vilevile. Nikaapa kwamba mimi nikiwa mkubwa nitasema.

Vita vikatupeleka Uganda, kisha Kenya, huko nikasomea ufundi wa mitambo, nikarudi. Leo mimi ni msimamizi wa shifti katika kiwanda cha maji ya chupa, barabara ya kwenda Nesitu. Keji ndiye anayeendesha mashine ya kujaza. Ana miaka ishirini na miwili, na anasikia kizibo kilichokaa upande kabla mimi sijakiona. Lakini baba yake aliamini kwamba anaosha chupa. Alikuwa amempa miezi mitatu aache, aende Nesitu kumsaidia shangazi yake kuwauzia chai madereva wa malori, maana kuosha chupa si kazi ya msichana aliyesoma. Kwa hiyo ofisi ilipotangaza kuwa kalenda ya mwaka huu itaonyesha wanawake wa kiwandani, Keji alinijia mbio. "Mama, baba akiniona kwenye mashine kwa macho yake," aliniambia, "ataniacha niendelee."

Wiki tatu nilizozana na ofisi. Wao walikuwa wamekwisha kuwachagua wasichana wawili wa mapokezi, helmeti mpya vichwani, stika ya dukani bado haijabanduliwa. Wasichana wazuri, sina neno nao. Lakini walikuja kufanya mazoezi ya kupiga picha, mmoja akaegemea mkanda unaozunguka ili aonekane vizuri, ikabidi nimvute kwa kola. Kizazi hiki kinaweza kupiga picha na kazi ambayo hakijawahi hata kuinusa. Nilipiga kelele mpaka wakachoka. Picha ikawa ya Keji.

Siku yenyewe ya picha wageni walioalikwa na ofisi walikuja na suti zao, na vizibo navyo vikachagua saa hiyo kuanza kukaa upande. Keji aliizima mashine, akafungua mlango wa kioo, akashusha kichwa cha kufungia kidogo tu, akajaribu chupa tatu, akawasha. Hata chai ya wageni haikupoa. Mgeni mmoja alipendezwa, akauliza fundi wa mashine hii ni nani.

Na mimi, mimi niliyeapa, nikageuka nikaita, "Bwana Taban, hebu njoo hapa."

Taban ni dereva wetu wa foklifti, ile ya kunyanyulia mizigo, mtu mzima, ana ndevu za heshima. Maskini alishangaa. "Madamu, mimi iko ya foklifti tu," alisema, lakini mgeni alikuwa amekwisha kumshika mkono na kamera ikawaka. Keji, kwa adabu zake, alichukua trei akawapa wageni maji. Mdomo wangu ulitangulia akili, sijui niseme nini zaidi. Hakuna mgeni aliyekuwa na gunia la kupeleka kwingine, wala hakuna mtoto ambaye angelala njaa. Mama yangu alikuwa na sababu. Mimi nilikuwa na mazoea tu.

Picha hiyo ndiyo ofisi waliyoipenda, eti wageni wametoka vizuri. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa, Wanawake wa Kiwanda Chetu, na katikati amesimama Taban na ndevu zake. Keji yuko pembeni, ameshika trei.

Jumapili nilikwenda Kator kwa baba yake Keji. Nilimkuta mzee ameitundika kalenda ukutani. Alinikaribisha vizuri, akaisifu picha, akasema yule fundi anaonekana anaijua kazi yake. Kuwapa wageni maji nako si vibaya, alisema, ila kunafanyika hata kwa shangazi. Nikamwambia yote. Kwamba yule ni dereva, kwamba nilimwita mimi kwa ujinga wangu, kwamba mashine ile ni ya Keji na nikiwa likizo yeye ndiye anayeshika shifti nzima. Mzee alimtazama binti yake aliyekuwa amekaa pale, akasema kumbe. Basi, kama mimi msimamizi nimesema, Keji aendelee.

Nilidhani Keji atafurahi. Alinisindikiza hadi barabarani, na pale ndipo aliposema, "Mama, hayo yote nimemwambia mwaka mzima."

Nazipenda siku zetu za zamani, na kila nikikaa na wa rika langu tunazilia. Lakini zamani mama alinyamaza, nasi tukadhani dawa ni kusema. Siku hizi binti anasema kila siku, na bado anasubiri mwingine aje kumsemea, na huyo mwingine akipewa nafasi anamwita mwenye ndevu. Jumatatu nilimkuta Keji kwenye mashine, vizibo vimekaa sawa. Kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, hakuniamkia.