Injinia na Kidude cha Gofu

Wateja walimwita Mama Pindo, kwa kuwa pindo alilolikunja yeye halikufumuka. Alikuwa fundi cherehani, na Jumamosi ndiyo siku aliyoipenda kuliko zote. Si kwa sababu ya kupumzika, maana siku hiyo ndipo wateja humiminika. Ni kwa sababu asubuhi hiyo mumewe, injinia mstaafu wa idara ya maji, alibeba mfuko wake wa fimbo na kwenda kucheza gofu na marafiki zake wawili, akamwachia redio, utulivu, na sebule nzima aliyokuwa ameigeuza karakana ya nguo.

Mambo yalianza kuharibika pale binti yao aliyefanya kazi mbali alipomtumia baba yake zawadi. Kilikuwa kidude cha kushika mkononi, kidogo kuliko simu, chenye kioo kinachosomeka hata juani. Kilionyesha umbali uliobaki kufika shimoni, kikahifadhi idadi ya mapigo, maana katika gofu mwenye machache ndiye mshindi, na mchezo ukiisha kikakuchambua bila huruma: mipira mingapi imeenda kombo, fimbo ipi inakuangusha, wastani wako unapanda au unashuka.

"Mama watoto, njoo uone!" Injinia aliita siku ya kwanza. "Kumbe napoteza mapigo karibu na shimo, siyo kule mbali!"

"Aha," alijibu mkewe, asijue kama hilo ni la kupongezwa au la kupewa pole.

Alivumilia. Mezani aliletewa asilimia badala ya mazungumzo. Akiuliza kama chumvi imekolea, anajibiwa habari za fimbo namba saba. Alijisemea kwamba mumewe ana ulimbukeni wa kitu kipya, utamwisha.

Haukumwisha. Jumamosi moja Injinia alirudi mapema kuliko kawaida, akabwaga mfuko wa fimbo mlangoni na kuketi kwenye kiti cha wateja, amenuna. Jumamosi iliyofuata hakwenda kabisa. Wala ile ya baada yake. Kutwa nzima alishinda sebuleni, amemkalia mkewe kooni. Mara mbona vitambaa havijapangwa kwa rangi. Mara mikasi hiyo haishikwi hivyo. Akitumwa dukani, anarudi na uzi wa rangi nyingine na maelezo marefu kwa nini huo ndio unaofaa.

Siku moja alikuja bibi harusi mtarajiwa kujaribu gauni. Injinia akamchungulia juu ya miwani. "Kwa kiuno hicho," akasema kwa sauti ya mtu anayesaidia, "itabidi kitambaa kiongezwe."

Msichana akaangua kilio. Mama Pindo alimbembeleza, akamfuta wanja ulioteremka mpaka mashavuni, akamsindikiza hadi njiani. Aliporudi ndani alikuwa anatweta.

"Baba watoto, kwa nini huendi kwenye gofu yako?"

"Wenzangu hawapendi ukweli," alisema Injinia, akaendelea kupanga vitambaa kwa rangi.

Basi Mama Pindo akafunga cherehani, akajitanda mtandio, akaenda uwanjani mwenyewe. Marafiki wa mumewe aliwakuta barazani mwa klabu wakinywa chai, viatu wamevua. Mmoja alikuwa daktari wa meno. Wa pili aliuza samani, na kila mtu alimwita Kipara.

"Shemeji! Karibu ukae," alisema Daktari akimvutia kiti.

"Sikuja kukaa. Nimekuja kuwaomba mumchukue mtu wenu. Ananimaliza."

Wakatazamana. Kipara akageuza uso, akajifanya anaangalia nyasi.

"Sisi hatuna ugomvi naye," alisema Daktari. "Ugomvi wetu ni kile kidude. Tunacheza kwa kuaminiana, shemeji. Ukisema umepiga matano, ni matano, yameisha. Sasa mumeo anatuhesabia na sisi. Siku ile Kipara kaleta wakwe zake watazame mchezo. Kasema, 'Matano.' Mumeo akakitazama kidude, mbele ya wote: 'Saba. Na mawili umepigia mchangani.'"

"Na kweli yalikuwa saba?"

"Shemeji," alisema Kipara kwa uchungu, "hilo silo la msingi."

Mama Pindo alitaka kucheka, lakini hasira zilikuwa zimeshamjaa. Wakakubaliana: Injinia aje, hata na kidude chake, lakini ahesabu mapigo yake tu. Asimsomee mtu takwimu. Na amwombe Kipara radhi.

Nyumbani Injinia hakuambilika.

"Kwa hiyo unataka niseme uongo?"

"Nataka utoke sebuleni kwangu!" Sauti ilimtoka mpaka mwenyewe akashtuka. "Umecheza na watu hawa tangu binti yetu hajaota meno. Ulipozidiwa na tumbo, nani alikuendesha hospitali na gari lake la mizigo, akalala kwenye benchi mpaka ukatoka chumba cha upasuaji? Si Kipara? Leo unamwaibisha mbele ya wakwe zake kwa ajili ya mapigo mawili?"

"Lakini yalikuwa saba."

"Hata yangekuwa sabini!"

Injinia aliinuka. Akazunguka zunguka akitafuta kofia, akatoka bila kuaga. Kidude alikiacha mezani.

Mama Pindo alishona huku roho yake haijatulia. Mumewe aliporudi, uso ulikuwa umelegea kidogo.

"Jumamosi tunacheza," alisema.

"Kipara kasemaje ulipomwomba radhi?"

"Kanicheka. Eti hata yeye alijua ni saba."

Mama Pindo akaweka nguo chini, akamtazama.

Jumamosi ilipofika, Injinia alitoka na mfuko wake begani na kidude mkononi. Mkewe akafungua redio, akafanya kazi kwa raha zake hadi mchana. Bibi harusi naye alirudi, gauni likamkaa vizuri.

Alasiri mlango ukafunguliwa. Kwa kuwa uwanjani alikatazwa kumsomea mtu takwimu, Injinia alikuwa amezitunza zote. Alivuta kiti mpaka ubavuni mwa cherehani, akavaa miwani.

"Tuanze na shimo la kwanza," alisema. "Mama watoto, unanisikiliza?"

"Nina njia gani nyingine?" alijibu Mama Pindo, akakanyaga pedali kwa nguvu kuliko nguo ilivyohitaji.