Nilivyomwaga Maji ya Pilau kwa Sayansi

Siku hizi watu wa Kilakala wakikutana nami wananigonga kwanza kifuani kwa kidole, wanatega sikio, kisha wanacheka, na sina pa kuficha uso maana nilijitakia mwenyewe.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya ufundi ya jioni (darasa zima lilisinzia, kinara mimi) na kilichonikaa kichwani ni hiki: kitu kizima ukikigonga kina mtikisiko wake, kikipata ufa wa ndani kinalegea na mlio unashuka, hata kama nje kinang'aa. Basi nikawa nagonga kila kitu, milango, boneti, hata ubavu wa mbuzi.

Asubuhi ya harusi ya binti wa shangazi yangu, nikaliona tangi lake la faibaglasi, lile lililowahi kudondoka likishushwa kwenye lori. Hakuna aliyeniuliza. Nikabandika simu ubavuni ichore mitikisiko, nikagonga kwa nyundo ya mpira, nikaandika. Saa sita nikarudia, mlio umeshuka kama sauti ya kijana aliyebalehe!

"Shangazi, tangi limechanika ndani, litawapasukia wageni!"

"Una hakika, mwanangu? Mgao mwingine wa maji ni keshokutwa, na mchele haujapikwa."

"Shangazi, hii ni sayansi."

Nikafungua koki. Maji yakateremka mtaani, bata wakaogelea. Ndipo akaja Bi Tatu, mpishi wa pilau, na ndoo tupu.

"Asubuhi ulipogonga, lilikuwa na maji kiasi gani?"

"Robo hivi."

"Na mchana?"

"Lilijaa, si mgao ulifika saa nne?"

Bi Tatu akaweka ndoo chini. Akagonga sufuria tupu kwa mwiko: ting! Akamiminia birika lake la chai, akagonga tena: tung.

"Haya fundi, na sufuria yangu nayo imechanika?"

Wanawake wote chali kwa kicheko, isipokuwa shangazi. Nikakimbilia tangi, sasa tupu, nikaligonga: zima kabisa, linalia kama kengele.

Nilipandisha maji kutoka kijitoni safari kama elfu moja, na (msinicheke) kila dumu nililolijaza nililigonga, na kweli mlio ulishuka kadiri maji yalivyopanda. Pilau ikaliwa baada ya magharibi, bwana harusi kanuna.

Kugonga siwezi kuacha. Ila sasa nauliza kwanza ndani kuna nini, na koki ya mtu nimeapa sitaifungua tena, labda niwe nimekinga ndoo.