Siku Tuliyomwombea Mchungaji

Kwaya ilikuwa inarudia wimbo uleule kwa mara ya tatu, na mimi nilikuwa nimeshika kitasa cha ofisi ya mchungaji, sijui niingie au niendelee kusubiri. Kanisani kwetu, hapa Mpanda, kwaya haikai chini kabla mchungaji hajaingia. Akichelewa, wanarudia. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameshaanza kunikazia macho, na mimi nilimwonyesha kidole kimoja, yaani dakika moja, ingawa sikuwa na uhakika na dakika yoyote.

Siku hiyo nilikuwa kiongozi wa ibada. Wazee walinipa kazi hiyo niliporudi nyumbani na digrii bila ajira, wakisema msomi asikae bure. Kazi yenyewe ni ndogo: kutangaza nyimbo, kusoma neno, kumkaribisha mchungaji. Lakini mimi ni mtu wa kuwaza. Nikitangaza namba ya wimbo, nakaa nikijiuliza kama nimetaja namba sahihi, mpaka wimbo unaisha na sijaimba hata ubeti mmoja.

Nikagonga. Kimya. Nikaingia.

Mchungaji alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, joho lake likiwa mapajani. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na hewa ilikuwa ya baridi, lakini shati lake lilikuwa limelowa jasho kifuani. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, naye alikuwa anaitazama kama mikono ya mtu mwingine.

"Mdogo wangu," akasema, "siwezi kutoka."

"Unaumwa, Mchungaji? Niite bodaboda twende hospitali?"

"Siumwi. Miguu imekataa." Akavuta pumzi, haikufika. "Yule mama amekuja?"

"Amekuja. Wako benchi la mbele, yeye na mume wake na ndugu zao."

Akafumba macho.

Nilijua anachokiogopa, kwa sababu nilikuwepo. Familia hiyo inaishi Kabungu, ni wafugaji ambao wazazi wao walihamia huku na ng'ombe kutoka kaskazini. Mtoto wao wa darasa la kwanza alilazwa kwa homa kali, na mchungaji alikuwa anakwenda wodini kila siku. Jioni moja nilikwenda naye. Yule mama alimuuliza swali moja tu, naye akamshika mkono akamwambia, "Mama, huyu mtoto atapona." Hakusema Mungu akipenda. Hakusema tuzidi kuomba. Alisema atapona. Nakumbuka nilishtuka, nikajiuliza kama wachungaji wanaruhusiwa kusema hivyo.

Mtoto hakupona. Makaburini, katikati ya sala, mchungaji alinyamaza. Tulidhani anatafuta ukurasa. Mwinjilisti akachukua kitabu mkononi mwake akamalizia.

Na sasa wamekuja kutoa shukrani. Kwetu familia iliyofiwa huja kanisani baada ya mazishi kuwashukuru waliowafariji. Mchungaji huwaita mbele, anawawekea mikono na kuwaombea. Huyo mama angepiga magoti mbele yake, na mikono ya kumwekea ilikuwa ndiyo hiyo inayotetemeka. Mke wa mchungaji alikuwa kwao Inyonga akimuuguza mama yake, mwinjilisti alikuwa na ibada Kasekese. Nilikuwepo mimi tu.

Ile hali naijua. Mwaka wa mwisho wa chuo, siku ya kuwasilisha utafiti wangu, nilijifungia chooni moyo ukinipiga kama nimekimbizwa na mbwa. Nilikuwa na uhakika nakufa. Sikufa, na sikumwambia mtu. Kwa hiyo nilipomwona mchungaji wangu vile, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa hofu mpya: kama na yeye inamkuta, basi haina mwisho.

"Kanyaga chini kwa nguvu," nikamwambia. "Halafu nitajie vitu unavyoviona."

Akanitazama. "Kwa nini?"

"Sijui. Inasaidia kidogo."

"Jagi," akasema. "Spika mbovu. Kalenda ya mwaka jana." Akasita. "Mbona hatujaibandua?"

Nilikaribia kucheka. Hapo mlango ukafunguliwa, akachungulia mzee wa kanisa.

Huyu mzee ni mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Tangu mwanzo alikuwa anasema mchungaji wetu hana moto. Wiki mbili kabla, kwenye kikao, alisema wazi kwamba kama kazi imemshinda, mkuu wa jimbo atuletee mwingine. Niliposikia wimbo unaanza mara ya nne nyuma yake, nikajua yote yameishia mikononi mwake.

Alimtazama mchungaji kuanzia kichwani hadi miguuni. Kisha akanivuta nje, akarudisha mlango.

"Huyu amepigwa," akaninong'oneza. "Hilo si jambo la kawaida. Nawaita wamama wa maombi waingie wamkemee hilo pepo."

"Mzee wangu, naomba usiwaite. Amechoka tu."

"Amechoka! Mkulima akichoka anatetemeka hivyo? Msomi, huko chuoni walikufundisha kukemea?"

"Hapana, mzee."

"Basi waachie wanaojua."

Niliwaona tayari kwa mawazo: wale wamama wamemzunguka, wamemshika kichwa, wanapaza sauti, yeye chini sakafuni, na mlango uko wazi kanisa zima linaona. Mpaka jioni habari ingekuwa imefika Kabungu na Kasekese kwamba mchungaji wa Mpanda alitolewa mapepo ofisini kwake. Nani angemwita tena amzikie mtu? Nikasema jambo la kwanza lililonijia.

"Tumwombee hukuhuku kanisani, mzee. Wote. Akisikia watu wote wanamwombea, si bora zaidi?"

Alifikiri. Kuombewa na wengi hakuna mzee anayeweza kukukatalia. "Haya," akasema. "Ila wakimaliza na hajatoka, naingia nao."

Nikapanda pale mbele. Kwaya wakakaa, baadhi yao wakijifuta jasho. Nikaangalia watu na maneno yote yakanikimbia. Nikisema anaumwa, watakimbilia mlangoni. Nikisema anakuja, nitakuwa nimesema uongo kanisani. Yule mama alikuwa hatua chache kutoka nilipo, kitenge cheusi, miguu ina tope la safari.

"Wapendwa," nikasema, "tusimame. Kabla ya yote tumwombee mchungaji wetu. Kila mmoja kwa sauti yake."

Wakaanza wote kwa pamoja. Asiyezoea anaweza kudhani ni ugomvi sokoni. Mzee alikuwa anavunja hila za adui kwa mkono wa kulia. Mama mmoja alikuwa analia. Mimi nilifumbua jicho moja, maana kichwani mwangu kulikuwa na kitu kimoja tu: ofisi ile ina ukuta mwembamba, na mtu aliye ndani anasikia watu wote wakilitaja jina lake. Kama ningekuwa mimi, ningezimia. Nimemfanyia nini?

Ndipo nikaona yule mama wa Kabungu haombi. Aliinuka akaenda mlangoni kwa mchungaji, akaingia bila kubisha hodi.

Sikuweza kuondoka pale mbele. Nilitazama mlango, na mzee naye alikuwa ameuona. Sauti yake ikapungua, akaacha kuomba kabisa, akabaki amesimama. Niliwaza ameingia kumwambia: ulisema atapona. Niliwaza anamshika shati. Maombi yakaanza kufifia benchi kwa benchi, mpaka ikabaki sauti ya mama mmoja nyuma, naye akasema amina.

Mzee akaenda akafungua mlango. Akaingia. Akatoka.

"Hayupo!" akasema, na safari hii hakunong'ona. "Hakuna mtu humu!"

Kanisa likavuma. Ofisi ile ina mlango mwingine wa kutokea uani, na sote tulijua, lakini nadhani kwa muda ule hakuna aliyeukumbuka. Mimi niliukumbuka na ikawa mbaya zaidi. Nikawaza barabara, pikipiki yake, mvua, daraja.

Kisha mchungaji akaingia kwa mlango mkubwa, ule wa waumini, kama mtu aliyechelewa ibada. Hakuwa na joho. Suruali yake ilikuwa na unyoya mweupe gotini. Yule mama alikuwa nyuma yake. Mchungaji akaangalia benchi la mwisho, na vijana waliokuwa wamekaa pale wakasogea bila kuambiwa. Akakaa. Yule mama akarudi mbele kwa mume wake.

Baadaye mchungaji aliniambia kilichotokea humo ndani. Yule mama hakutaja mtoto. Alisema, "Baba, tumekuletea kuku na yuko nje ananyeshewa. Njoo unionyeshe pa kumfunga." Basi akainuka akamwonyesha. Kuku akamponyoka, wakamkimbiza wote wawili kuzunguka tangi la maji, na walipomshika, mchungaji akagundua amesimama kwa miguu yake.

Lakini wakati ule sikujua. Niliona tu mchungaji amekaa benchi la mwisho na watu wote wamegeuza shingo. Nikatangaza wimbo. Nikasoma neno. Mahubiri hayakuwepo, nikasoma sura nyingine. Familia ikaja mbele, baba yao akashukuru kwa maneno machache, na hakuna aliyewawekea mikono. Tukafika mwisho, na hapo tukakwama.

Kwetu baraka anatoa mchungaji, na bila baraka mtu hatoki. Watu walisimama wakingoja. Mchungaji alikuwa ameinamisha kichwa, na kadiri kimya kilivyozidi, mabega yake yalizidi kupanda. Mzee alinitazama kwa uso wa mtu aliyethibitishiwa maneno yake.

Yule mama akageukia watu. "Sasa nyie mnangoja nini?" akasema. "Sisi Kabungu mchungaji tunamwona mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine tunasema sala ya neema wote, tunaenda kupika. Au neema ya huku mjini haifanyi kazi?"

Mtu akacheka, halafu wengi. Tukasema neema wote kwa pamoja, na nilimwona mchungaji anasogeza midomo pamoja na sisi.

Mzee alinifuata nje, watu wakiwa wanasalimiana.

"Kijana, nataka ukweli. Ana nini?"

Nilijua jibu langu litafika kwa mkuu wa jimbo. Nilikuwa na majibu mengi, na kila moja nililipima nikaliona lina kasoro.

"Amechoka kuzika, mzee," nikasema. "Masika hii yote nani mwingine amezika? Kabungu yeye. Kasekese yeye. Hapa mjini yeye. Sisi tunamwombea awe na nguvu, halafu tunampigia simu kuna msiba mwingine."

Nilitegemea anifokee. Alikung'uta tope kwenye kiatu chake kwenye ngazi.

"Mimi nilizika wanafunzi wangu," akasema mwishowe. "Watatu. Nilikuwa nikitoka huko napiga watoto darasani bila sababu." Akanyanyua macho. "Lakini hilo la kutetemeka sijalikubali bado. Usifikiri umenishinda."

"Sawa, mzee."

"Mazishi mzee wa kanisa anaweza kuongoza. Ipo kwenye taratibu. Ila wewe utakuja kunishikia kitabu. Usidhani utabaki hapa unawaza."

Kwa mkuu wa jimbo hakuandika. Au hajaandika bado. Mimi bado naliwazia hilo.

Wiki hiyohiyo tukaitwa Kasekese kwenye msiba wa bibi mmoja. Tulimwambia mchungaji apumzike nyumbani. Alikuja. Hakuvaa joho, hakusimama upande wetu wenye vitabu. Alisimama na wanaume karibu na lundo la udongo. Mzee aliongoza kwa sauti yake ya darasani, akaruka mstari, akarudi, akamaliza. Nilikuwa nimeshika mwavuli juu ya kitabu na macho yangu yako kwa mchungaji.

Ulipofika wakati wa kufukia, akaokota chepe. Wanaume wakasita, maana kwetu mchungaji hafukii. Akaanza kutupa udongo haraka mno, bila kupumzika, kama mtu anayeogopa atanyang'anywa. Jasho likaanza kumtoka, na mimi nikaanza: sasa miguu itakataa, sasa ataanguka mbele ya watu wote, nimwendee au nisimwendee.

Mwanaume mmoja aliyekuwa amevua shati akamgusa begani.

"Lete, Mchungaji. Pumzika, utapokea tena."

Akamwachia chepe. Akasogea kando akihema, mikono kiunoni, akingoja zamu yake ifike tena.