Tabaka Nililolizima

Nakumbuka asubuhi moja wakati wa vita, mwanangu, umeme uliporudi mtaani kwetu Kilibula, wenzetu wakakimbilia pasi na redio, sisi vijana wachache tukakimbilia kompyuta. Ilikuwa ya Zena, binti wa wafanyabiashara wa mtaani aliyesomea elektroniki Bujumbura. Tulimwita Yaya, ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa, maana alikuwa dada yetu sote.

Alitufundisha kuchora chipu, kile kipande kidogo kinachofikiri ndani ya simu. Huchorwa kwa matabaka, moja juu ya jingine, na kila tabaka lina nyaya zake, jina lake, namba na rangi. Umeme ukikatika tulianza upya, mpaka Yaya akaniambia niandike amri kwenye faili, mashine iyatengeneze matabaka yenyewe. Nilinogewa na kazi hiyo, sikufichi. Nikibadilisha neno moja, tabaka linakuwa kijani. Jingine, linajaa mistari. Jingine, linatoweka zima. Nilitaka kujua kila amri inafanya nini.

Sasa, asubuhi hiyo tabaka la chini lilinikera kwa msongamano wa nyaya. Nikaandika lizimwe, lisionekane. Picha ikapendeza, nami nikasogeza kipande kimoja cha mchoro karibu na kingine ili vyote vienee.

Siku hiyo hiyo mchoro wetu ulitakiwa uende kwa disketi na mfanyabiashara anayevuka mpaka, ufike ng'ambo kwenye kiwanda cha kutengeneza chipu. Watu walisema mpaka utafungwa jioni. Yaya akaja kuutazama mara ya mwisho.

"Weye, ile ya chini iko wapi?"

"Nimeificha, Yaya. Minye nilitaka picha ikuwe safi."

"Umeificha ku macho yako. Ku umeme iko."

Akabadilisha mstari mmoja wa amri zangu. Tabaka likarudi, limejazwa mistari myembamba ili la juu na la chini yaonekane pamoja. Nyaya mbili zilikuwa zimegusana, pale pale niliposogeza. Chipu ingeungua. Tulipomaliza kurekebisha, mfanyabiashara alikuwa ameshaondoka, na mpaka ukafungwa kweli. Nililia sana. Yaya alisema tu kwamba mwenda pole hajikwai, akaenda kupika.

Mchoro ulisafiri bunduki ziliponyamaza. Chipu iliporudi niliigeuzageuza juani nikitafuta kijani changu na mistari yangu. Ilikuwa ya kijivu tu, ndogo kama punje ya mchele. Yaya akaiunga na betri, na taa ndogo ikawaka. Zile rangi zote zilikuwa za macho yetu, umeme haukuzihitaji.

Mwanangu, penda kudadisi, ila usizime kinachokukera. Ukisimuliwa vita vyetu, msimulizi awe wa Bijombo mlimani au wa Katogota bondeni, kote kulikoumia, jua ana tabaka ambalo hataki ulione. Hata mimi ninalo. Liwashe, ulitazame pamoja na mengine, ndipo useme umeelewa. Mungu akupe macho ya kuyaona yote, na moyo wa kuyabeba.