Kipande cha Nyuma ya Jiko

Nimelipa bei ya vyumba viwili vya kupangisha ili nipate kipande cha ardhi ambacho sitajenga kitu juu yake. Nilikinunua kwa sababu mama yangu amezikwa pale. Au amezikwa kando kidogo, chini ya maduka ya mtu mwingine. Sijui, na wakati wa kulipa nilijua kwamba sijui.

Nieleze kwa utaratibu.

Katika miaka ya vita mji wetu wa Kindu ulizungukwa. Wenye silaha wa mjini walishika mji, wenye silaha wa msituni walishika njia zote za kutoka, na sisi tukabaki katikati. Treni haikuja. Mashamba yalikuwa upande wa pili wa vizuizi, na makaburi pia. Aliyekwenda kulima hakujua kama angerudi, na aliyekwenda kuzika hakujua vilevile. Kwa hiyo watu walizika katika parseli zao, yaani viwanja walivyojengea, uani, nyuma ya nyumba.

Mama alikufa kwa homa, dada yangu akiwa bado ananyonya. Sanda haikupatikana sokoni. Baba alitoa shuka jeupe, majirani wawili wakachimba nyuma ya jiko, mama akasaliwa kwa sauti ya chini. Kisha baba alifanya jambo ambalo nyumba nyingi zilifanya wakati ule: alisawazisha kaburi. Tuta bichi uani lilikuwa hatari. Askari akiliona alidhani umefukia chumvi au dhahabu, na alikulazimisha kufukua mbele yake. Baba akaipiga ardhi kwa ubao mpaka ikawa bapa, akapanda lenga-lenga juu yake na pande zote, ionekane kuwa ni bustani ya mboga ya siku nyingi. Hakuweka jiwe wala kigingi. Niliona yote hayo nikiwa nimembeba dada mgongoni. Nikikumbuka leo naona mgongo wa baba umeinama, lakini sioni alikuwa umbali gani kutoka ukutani.

Njia zilipofunguka, baba aliuza parseli. Alikuwa na hesabu yake, na hata sasa sioni kosa kubwa ndani yake. Nyumba ya udongo haileti chakula. Mzigo wa chumvi, sabuni na betri ukifika mji wa Kama, kwa wachimba dhahabu, unaweza kurudisha fedha yake mara mbili. Asichohesabu ni kwamba wachimbaji huhama. Alipofika, mashimo yalikuwa yamejaa maji na watu wamekwenda kwingine. Alirudi na sehemu ya chumvi, tukahamia mtaa wa Mikelenge kama wapangaji. Mnunuzi wa parseli, mfanyabiashara wa nguo, alikuwa amekubali sharti moja mbele ya mashahidi: sisi tutaingia kuomba dua siku tutakayotaka. Alilishika sharti hilo mpaka alipofariki, na sisi tulipokwenda tuliombea uani tu, bila kuonyeshana mahali penyewe.

Mwaka huu mwanawe alikuja nyumbani kwangu. Alikataa chai mara ya kwanza, akaikubali mara ya pili.

"Mukubwa, nilikuja na heshima," alisema. "Nataka kujenga maduka kule kwa parseli yenu ya zamani, kule Kasuku. Lakini siwezi kuweka fondasio juu ya mama ya muntu."

"Basi usiweke."

"Njo ile nilikuja kuongea. Munionyeshe mahali iko. Nawauzisha ile kipande, mimi najenga pengine. Ama munamuhamisha, mimi njo nalipa. Lakini nisianze kazi, kesho munipeleke kwa chefu."

Alikuwa na adabu, na alikuwa na haki. Sharti lilihusu kuingia na kuomba dua. Halikusema lolote kuhusu kujenga. Bei yake ndiyo iliyokuwa nzito. Ardhi iliyo karibu na soko imepanda sana, na kipande cha kaburi pamoja na njia ya kukifikia kilitaka karibu akiba yangu yote.

Mimi nauza mchele wa Kibombo. Akiba hiyo niliiweka kwa miaka mingi, kwa ajili ya vyumba viwili huko Mikelenge: kimoja nipangishe, kingine aingie dada yangu na watoto wake, wanaolala katika nyumba ya kupanga inayovuja. Nilikuwa nimekwisha kupima matofali, mabati, mpangaji asiyelipa, hata mfereji wa mvua unaokula kiwanja polepole. Jambo hili halikuwamo katika hesabu.

Ijumaa moja, baada ya sala, mimi, dada na kijana tulikwenda kuonyeshwa na baba. Macho yake yamepungua nguvu. Jiko la zamani lilikwisha kubomoka, na jipya limejengwa upande mwingine. Baba alisimama katikati ya uwanja, akageuka, akatembea kidogo, akaelekeza fimbo karibu na ukuta.

"Njo hapa tulimuzika."

Jirani, mama mzee ambaye hajahama tangu vita, alikuwa anatutazama juu ya ua.

"Mzee, pale unaonyesha ilikuwa choo!"

"Choo yako, pengine," baba alijibu. "Yetu ilikuwa kule."

"Eh! Uzee imekuvuruga. Muke wako iko huku, karibu na mchikichi."

"Wewe uliona tukizika? Ulikuwa umejifungia chini ya kitanda!"

Kijana mwenye parseli alicheka, kisha akajizuia.

"Sikuona kuzika," jirani alisema. "Niliona lenga-lenga. Mwaka ile, katika avenii muzima, ninyi peke yenu njo mulikuwa na lenga-lenga ya kunona vile. Na ilinona hapa kwa mchikichi, hapana pale. Nilikuomba mbegu, ukanikatalia."

Baba aliikita fimbo palepale alipoonyesha. Dada alinitazama, maana alikuwa hajui habari ya lenga-lenga ile. Mimi nilijua. Mboga ile tuliila msimu mzima, kwa kuwa hapakuwa na nyingine, na baba mwenyewe ndiye aliyekuwa akiichuma. Sikuhisi kitu nilipokumbuka. Nilipima kwa macho nafasi iliyopo kati ya ukuta na mchikichi, nikaona kwamba vipande ni viwili, na akiba yangu ni ya kimoja.

Nilimwuliza baba kama tungeweza kuchimba kidogo tuone.

"Hafukuliwi," alisema.

Hata angekubali, kuchimba kusingetosha. Mama alizikwa kwa shuka, bila sanduku, bila msumari, katika udongo unaoshika maji mwaka mzima. Tungeweza kuchimba mahali penyewe tusikute chochote. Nikapima mashahidi. Baba alizika kwa mikono yake, lakini ni mzee na alama zake zote zimeondoka. Jirani aliona kutoka ng'ambo ya ua tu, lakini alikuwa na njaa, na mwenye njaa hasahau mahali mboga ya wenzake iliponona. Kama ingekuwa biashara, ningeweka fedha yangu upande wa jirani.

Nilimweleza dada hivyo, tukiwa njiani kurudi.

"Yaya, nunua pa baba," alisema; yaya ni mimi, mkubwa wake.

"Na kama jirani njo iko na haki?"

"Basi tutakosa pamoja na baba. Wewe ulimuona mama. Mimi sina hata picha. Niko nataka mahali ya kusimama, basi."

"Na chumba yako?"

"Nitaendelea kupanga. Mvua inanijua."

Nililipa mbele ya chefu wa mtaa. Tulijenga ukuta mfupi kuzunguka kipande, tukaacha mlango mwembamba. Baba aliomba dua pale kwa muda mrefu, akarudi nyumbani akala vizuri. Dada huenda Alhamisi jioni, hufagia, husimama. Mimi huenda naye mara nyingine. Ni ardhi isiyoleta kodi, na ukuta wake utahitaji simenti kila baada ya mvua kubwa. Najua ingeuzwa kwa bei gani leo, kwa kuwa watu wameniuliza.

Mafundi wa kijana walianza upande wa jirani, wakijenga huku wakichimba fondasio kuelekea mchikichi. Kila asubuhi nilipita kabla ya kwenda sokoni nikatazama udongo waliotupa nje. Ulikuwa mwekundu juu, wa kijivu chini, na mizizi. Siku walipofika kwenye mchikichi wenyewe nilikuwa Kibombo, nachukua mchele. Niliporudi mti ulikuwa umekatwa na zege limekwisha kumwagwa.

"Mizizi tu, mukubwa," fundi aliniambia. "Mizizi ya mchikichi."

Jirani anasema kwamba siku ile, jua likiwa katikati, sepetu zote zilinyamaza kwa wakati mmoja. Zilinyamaza kwa muda, kisha akasikia mtu mmoja anasema maneno kama ya dua kwa sauti ya chini, na wengine wanaitikia. Hakuweza kuona, kwa sababu ukuta wa maduka ulikuwa umekwisha kupanda upande wake.

Fundi anasema walikuwa wanakula.